Zama za Kati za Wayahudi Zilivyofika Buganguzi

Sogea karibu, msikilizaji wangu, nikueleze taratibu. Jambo lenyewe si gumu, ingawa limeniharibia Jumapili nyingi.

Baada ya kustaafu ualimu nilipewa darasa la historia katika usharika wetu hapa Bilele. Siku moja tulifika zama za kati za Wayahudi. Mzee wa kanisa anayetunza ufunguo wa chumba, mtu wa Buganguzi kule Muleba kama mimi, akasema hilo linajulikana: zinaanza Roma inapoanguka, zinaisha karne ya kumi na tano. Nikamweleza kwamba huo ni mstari wa Ulaya. Kwa Wayahudi, wengi huanzia karne ya saba, Waarabu walipoteka nchi ambamo wengi wao waliishi. Mwisho, wengine huuweka walipofukuzwa Hispania. Wengine huusogeza hadi karne ya kumi na nane, Ufaransa ilipowapa uraia.

Akacheka. Zama gani hizo zinazokataa kuisha wakati wenzao wote wameshaamka?

Nikatafuta mfano wa nyumbani. Nikasema hata kwetu Uhuru ulifika na bendera ikapanda, lakini mtu aliyekaa kwenye ardhi ya nyarubanja, ile ya bwana mkubwa inayolimwa na wapangaji, aliendelea kumpelekea bwana wake mikungu ya ndizi na kahawa kwa ajili ya kibanja, shamba la migomba alimozaliwa, mpaka sheria ilipoufuta utaratibu huo. Zama za taifa zilikuwa zimeisha, zake bado.

Watu wakamgeukia mzee. Watu wa Muleba mle ndani walijua kwamba babu wa mzee huyo ndiye aliyepokea mikungu, na babu yangu ndiye aliyeipeleka.

"Mwalimu," akasema polepole, "unafundisha Wayahudi au unamfukua babu yangu?"

"Nafundisha mwisho, Mzee. Anayepokea huuona umefika mapema kuliko anayepeleka."

"Basi wako umefika leo."

Mama mmoja nyuma akanong'ona kwa Kihaya kwamba kumbe ndizi zile ndizo zilizojenga lile tumbo la mzee. Watu wakacheka, na kicheko hicho Mzee hakunisamehe.

Jumapili iliyofuata tulikuta mlango umefungwa. Nilimfuata Mzee nyumbani kwake. Alizungumza nami nikiwa nimesimama kizingitini, bila kiti, bila hata punje ya kahawa ya kutafuna; kwetu hilo ni tusi kamili. Alisema chumba kitafunguliwa nikiufuta mfano ule mbele ya darasa. Nikamjibu kwamba nikiufuta, nitakuwa nimewafundisha uongo kuhusu Wayahudi na kuhusu sisi.

Sasa tunakaa barazani, wachache waliobaki, nikichora mstari wa karne kwa chaki juu ya saruji. Mzee akipita hanisalimii, na huukanyaga mstari wangu makusudi. Nauchora upya.

Nawe jaribu, utaweza. Chora mstari wa karne kwenye karatasi. Kabla ya kuweka alama ya mwanzo au ya mwisho, andika juu yake ni zama za nani.