Mwanamke Aliyeuliza Kama Kumekucha

Anayetaka kucheka acheke sasa amalize, kwa sababu nikianza sitaki kukatizwa. Mimi ni mtu wa kanisa, sinywi, na macho yangu bado yanatia uzi kwenye sindano. Nililoliona huku kwetu Kiboko nililiona jua likiwaka.

Msichana wangu Mutheu analima vitunguu kando ya mto. Maji ya mfereji tunagawana kwa zamu, na unajua zamu za mchana huenda kwa nani: wale wenye sauti kwa mkutano. Mama anayelea watoto peke yake hupewa usiku. Basi Mutheu alikuwa anamwagilia usiku, na asubuhi anakimbia kuuza nyanya barabarani. Alikuwa analala saa ngapi? Usiniulize. Ugali alikuwa anakula usiku wa manane, kukipambazuka tumbo linakataa hata chai. Akaanza kuchanganya majina ya watoto wake. Hospitali ya mjini Wote wakampima: presha juu, sukari juu. Daktari akamwambia mwili una saa yake ndani, na hiyo saa ameivuruga.

Mutheu akacheka. "Mwaitu, mama yangu, saa haijazi sufuria."

Wiki hiyo hiyo alisinzia amesimama, jembe likamkata mguu. Nikachukua tochi, jembe na gambuti zake, zamu nikaenda mimi.

Shamba la pili kutoka letu nikakuta mwanamke anaelekeza maji, kitambaa kichwani, mgongo umeinama. Nilifurahi kupata mwenzangu. Nikamsalimu. Hakuitikia. Akauliza, "Mwaitu, kumekucha?"

"Bado, mama."

Tukaendelea. Baada ya kitambo, tena: "Kumekucha?" Nikamwambia hata kukicha, vitunguu havina miguu ya kumkimbia. Hakucheka. Jembe lake lilipanda na kushuka lakini maji sikuyasikia. Nikasema ni masikio ya uzee.

Niamini, usiku huo wote sikuogopa. Niliogopa asubuhi. Jua lilitoka likampiga usoni, macho wazi, hayapepesi, naona hata mshono wa kitambaa chake. Akaliangalia lile jua, akanigeukia.

"Mwaitu, kumekucha?"

Nikatazama miguu yake. Udongo ulikuwa mkavu, una nyufa, na magugu yamefika magotini. Hapo maji hayajapita siku nyingi. Jembe likaniponyoka. Nilipoinama kuliokota na kuinuka, shamba lilikuwa tupu.

Jirani aliyekuja kupokea maji akaniuliza natafuta nani. Nilipomweleza alivua kofia. "Hilo ni shamba la marehemu Kavata," akasema. "Usiku maji, mchana cherehani. Tulimtoa kwa mfereji msimu wa mvua uliopita, ameshaaga dunia. Siku zake za mwisho alikuwa anauliza kila mtu kama kumekucha. Tulidhani ni mzaha, susu, mama mzee. Tukawa tunamjibu."

Nilikimbia na haya magoti yangu. Nikamkuta Mutheu amekaa kitandani, dirisha wazi, jua limejaa chumba, watoto wameshavaa sare za shule. Akageuza uso pole pole.

"Mwaitu," akasema, "kumekucha?"

Sauti ile ile.

Sikumjibu. Nilifunga dirisha, nikamlaza kama mtoto, nikakaa mlangoni na mwiko mkononi. Mnunuzi wa nyanya alikuja, nikamrudisha. Mutheu alilala mpaka kesho yake.

Kisha nikaenda kwa mkutano wa maji. Mwenyekiti akaniambia, "Susu, shukuru. Usiku maji ni mengi."

"Basi yachukue wewe hayo mengi," nikasema, "na bibi yako akushikie tochi."

Watu wakacheka, yeye hakucheka. Tulipewa mchana, lakini maji nusu. Nusu ya vitunguu imekufa. Acha ife.

Sasa Mutheu analala kuku wakilala. Majina ya watoto yamerudi. Sukari haijarudi chini, dawa anameza. Na mimi? Saa ya zamu ile huniamsha kila usiku, nalala macho wazi nikisikiliza jembe huko nje. Silisemeshi.

Kwa hivyo nisikize, wewe unayekesha halafu mchana unakataa kulala. Jogoo wa ndani ya mwili ukimnyonga, hutapata mwingine sokoni. Na mtu wa nyumba yako akikuuliza kama kumekucha, na jua liko utosini, usimwambie ndiyo, usimwambie bado. Kavata alijibiwa na kijiji kizima. Mshike mkono, umlaze.