Musiniite tena Jenerali

Leo, kwa barrière ya askari, pale banafunga njia ya kwenda mji wa Komanda, jina la utani karibu liniponze.

Mimi ni Générose. Hilo jina nalipenda, nyanya yangu ndiye alinipatia. Lakini kule soko wote wananiita Jenerali, na mi sipendi hata.

Tulishuka kwa pikipiki, tukaanza kuvuka barrière kwa miguu. Rafiki yangu Furaha, kule mbele, akaniita: « Jenerali, harakisha. »

Askari mumoja akanisimamisha. Bunduki mukononi.

« Weye iko jenerali wa kundi gani la waasi? »

Nikamupa karte yangu ya kura, ndiyo kitambulisho chetu. Akaisoma mara mbili, polepole.

« Générose. Jina muzuri hivi, munaliharibu. Pita. »

Sasa niko nyumbani. Furaha naye analia tu, juu ni yeye aliniita vile.

Bandugu, nawaomba, muniite Générose.

Weye banakuita nani?