Kaboni yangu imegeuzwa piko

Jamani, utafiti wangu leo umemwagwa pamoja na maji ya kunawa ya bibi harusi. Sitanii.

Mnakijua kile kimtambo changu hapa nyumbani Ujiji. Napiga cheche za umeme ndani ya spiriti, plazma, yaani gesi ya umeme inayong'aa, inawaka humo humo kwenye kimiminika, spiriti inageuka nyeusi tii. Ule weusi ni vipande vya kaboni, vidogo mno hata hadubini ya shule haivioni.

Wiki nzima nimepata kikopo kimoja. Kesho kilikuwa kiende chuoni kupimwa.

Nimetoka kidogo tu kwenda Kigoma mjini. Narudi, shangazi yangu, mpambaji wa maharusi anayewachora maua kwa hina na piko nyeusi, ananisubiri mlangoni amefura.

"Piko gani hii uliyoweka dirishani? Nimemchora bibi harusi akapendeza, kanawa mara moja, maua yote yamekwenda na maji!"

"Shangazi, ile si piko!"

"Ndiyo nakwambia, si piko! Umeniaibisha mbele ya wakwe."

Kikopo kitupu. Na aliyetakiwa kuomba radhi ni mimi.

Nimeomba, jamani. Nyie mngefanyaje?

Naondoka zangu, shangazi ananiita:

"Mwanangu, ukipika nyingine, ukoleze."