Disjonkteri Iliyokataa Kuzinduka

Umeme wa bwawa la Tshopo umefika mtaani kwetu juzijuzi tu, nami nimeshaufedhehesha.

Jioni hiyo tulikuwa tukimngoja mzee mmoja, papa kutoka Lubunga, aje kutuambia kama binti yake ataolewa na mwanangu. Ili aione nyumba ya kisasa, nilichomeka pasi, jiko na redio kwa pamoja. Taa zikazimika.

"Umeunguza, Papa Albert," mke wangu akasema.

"Fyuzi ndiyo huungua," nikamfundisha. "Disjonkteri, ile swichi inayojikata yenyewe, huzimia tu. Unaizindua."

Ukutani nje pana visanduku viwili, chetu na cha jirani yetu kinyozi. Kimoja kina fyuzi, kingine disjonkteri. Sikusita: msomi kama mimi apewe fyuzi? Nikashusha kishikizo cha disjonkteri, nikakipandisha.

"Bado!" mke wangu akaita.

Nikarudia. Bado. Nikarudia tena kwa hasira.

Mlango wa kinyozi ukafunguka. Akatoka papa wa Lubunga, aliyepitia pale kunyolewa ili aje kwetu nadhifu. Nusu ya kichwa iling'aa, na mashine ilikuwa imenasa kwenye nusu ya pili, waya wake ukiburuzika.

"Bon, ni nani anakata kuran? Umeme unaenda na kurudi!"

"Karibu, mukwe," nikasema, mkono ungali kwenye kishikizo.