Kuku Mwenye Adabu wa Misa ya Mavuno

Naandika hii kwa sababu nikiisimulia kwa mdomo uso unawaka, na ninyi marafiki zangu wa darasani mnachungulia daftari langu kila siku, basi afadhali mpate ukweli wote: mimi, Sifa, nilimpelekea Mungu kuku anayekufa.

Ilianza na haya yangu. Kwetu huku, karibu na Mushaki, siku ya misa ya mavuno kila jamaa inapeleka kitu altareni, maharagi, viazi, jibini, na mwaka huu Mama akasema sisi tutatoa kuku na mimi njo nitambeba. Sasa fikirieni, mtu ambaye mwalimu akimwita tu jina anatamani benchi limmeze, apite katikati ya kanisa na kuku anayepiga makelele. Tulikuwa na kuku wanne. Watatu walinikimbia wakilia, ila wa nne alijikunja kwenye kona, manyoya yamesimama, macho nusu yamefungwa, na tangu jana hakula. Nikamchukua huyo. (Ndiyo, niliona. Nilijiambia ni baridi.)

Na kinachoniuma ni kwamba Alhamisi munganga wa kituo cha afya alikuja shuleni kutufundisha mafua ya ndege, akauliza kuku akigonjwa tufanye nini, na mimi nilijua jibu lote, lakini mkono wangu ukabaki chini ya meza.

Basi ngoma zikapigwa, nikapita, kuku kimya kabisa, na wamama wakanong'ona, "Ona kuku yenye adabu." Padri akampokea, akampapasa kichwa, akasema kwenye mikro, "Hata kuku ya Sifa iko inasali." Kanisa lote likacheka, na mimi kwa mara ya kwanza nikasikia raha ya kuangaliwa. Halafu shingo ikaanguka upande, kamasi ikatoka mdomoni.

Mama Kavira, yule mwenye duka kubwa barabarani na mkubwa wa wamama wanaopika karamu ya mavuno, hakupoteza muda. Akamshika miguu, akaelekea mlango wa pembeni. "Leteni kisu, tuichinje kabla haijakufa. Maji ya kuitoa manyoya imeshachemka."

Hapo nikamuona kichwani mwangu Mama Kavira ameinama juu ya yale manyoya, na wenzake wanne pembeni yake, na mimi nimekaa kimya kama Alhamisi. Nikasimama juu ya benchi (sijui kwa nini juu ya benchi) na sauti ikatoka kubwa kuliko kwaya.

"Mama Kavira, usiichinje. Iko mugonjwa tangu jana."

Mama yangu akageuka polepole. "Sifa, ulijua?"

"Ndiyo, Mama."

"Na ukaileta kwa Mungu?"

Watu wakacheka mpaka mpiga ngoma akaacha fimbo zake, lakini nilikuwa nimeshasimama, nikaendelea kusema machozi yakitoka: munganga alikataza kuchinja ndege mugonjwa ili kuokoa nyama, ugonjwa unakaa kwenye mavi, kamasi, damu na manyoya, ukigusa halafu ukajishika macho ao pua ao mdomo unaweza kukuingia. Padri akaangalia mikono yake kana kwamba ni ya mtu mwingine. Akasema taratibu, "Leteni maji na sabuni. Na mutu asijiguse uso." Tukanawa watatu mbele ya kanisa zima, Padri, Mama Kavira na mimi, mpaka viwiko.

Munganga wa wanyama, ambaye Padri alimpigia simu, alifika na pikipiki, amevaa glavu na barakoa, akachukua sampuli ya kupeleka Goma kupimwa, akamzika kuku kwenye shimo refu. "Hatujui bado ni nini," akasema, "njo maana tunafanya kama tunajua. Hao watatu wa nyumbani mufunge mbali na watu. Na mukisikia homa ao kikohozi, mukimbie kituo cha afya, museme mulishika kuku mugonjwa."

Siku kumi nililala vibaya. Kila asubuhi nikienda shule Mama Kavira alisimama mlangoni pa duka: "Sifa, ukohoe kidogo nisikie." Sikukohoa. Naye hakukohoa, wala Padri.

Jibu likarudi: si mafua ya ndege, ni ugonjwa mwingine wa kuku. Nilitaka kujificha tena, kelele yote ile bure. Mama Kavira akanionyesha kidole chake, kidonda cha kisu alichojikata akimenya vitunguu siku ile ya misa, hata hakijapona vizuri. "Kama ingekuwa mafua ya ndege, na mukono huu njo ningetoa manyoya. Jumamosi utakuja kufundisha wapishi wangu, na usinong'one."

Nilienda. Mama Kavira akauliza kuku akigonjwa tufanye nini, na safari hii mkono wangu haukubaki chini ya meza.

Na mwakani, nawaapia, nitambeba jogoo wetu, mmoja wa wale watatu waliobaki wazima, mwenye kelele kuliko wote, apige makelele kutoka mlangoni mpaka altareni. Kadiri atakavyozidi kulia, njo nitazidi kutembea polepole.