Fundi Milango Aliyemwonyesha Jambazi wa Sinema Kazi

Saa mbili kasoro asubuhi, Bawaba anapiga randa ubao mgumu. Anapuliza vumbi, anapitisha kiganja, anatikisa kichwa, anaanza upya. Mlango huu haukuagizwa na mteja yeyote, na ndio unaomchosha kuliko yote.

Majirani walimpa jina hilo kwa sababu milango yake haipigi kelele. Kwa wiki anatengeneza mitatu, nayo inamtunza yeye, mkewe na binti yao wa miaka kumi na miwili. Ni mpole kupita kiasi. Ukimkanyaga, yeye ndiye atakayekuomba radhi.

Miezi miwili iliyopita, watengeneza sinema walifika karakanani kwake. Filamu yao ilikuwa ya uhalifu: baba wa familia anayeheshimika mtaani, kumbe zamani alikuwa jambazi katili. Walitaka mlango wa kuvunjwa mbele ya kamera. Bawaba akautengeneza, akaupeleka, akabaki kutazama.

Mwigizaji aliupiga teke katikati. Mlango ukagoma. Akarudia mara sita, mpaka akaanza kuchechemea. Uvumilivu ukamwisha fundi wa watu. Akamsogeza kando, akaweka bega karibu na kitasa, akasukuma mara moja tu. Mlango ukalala chini. Wote wakapiga makofi, isipokuwa mkewe, aliyekuwa amemletea chakula cha mchana.

Njiani kurudi nyumbani, mkewe alimuuliza alijifunzia wapi. Jibu rahisi lilikuwepo: mtengeneza milango hakosi kujua inavunjikaje. Angesema hivyo, yangeisha.

"Nilichoka," anasema Bawaba. "Miaka kumi na nne namdanganya mtu ninayekula naye sahani moja. Nikamwambia, mke wangu, nilikuwa mvunja milango wa genge. Ile miaka minne niliyosema nilikuwa ughaibuni, nilikuwa jela."

Akamweleza na lile baya zaidi. Katika nyumba ya mwisho alimpiga mwenye nyumba, mwalimu, kwa nondo begani. Mkono wa mwalimu yule haujanyanyuka tena.

Mkewe hakulia wala hakugomba. Alimchukua binti yao, akaenda kwa dada yake. Siku tisa. Bawaba alikata mbao tatu kwa vipimo vya ovyo, kosa ambalo hakuwa amelifanya tangu uanagenzi. Alijua huenda hawatarudi.

Siku ya kumi walirudi.

"Sijamsamehe yote," anasema mkewe bila kumung'unya maneno. "Lakini huyu bwana miaka yote alikuwa hakai akaupa mlango mgongo, nami sikujua kwa nini. Sasa anakaa popote. Na mimi nimepumua."

Mke ndiye aliyesema mwalimu atafutwe. Walimpata kupitia kwa binti wa mwalimu huyo, ambaye aliwaambia kwamba mlango wao wa mbele umeungwaungwa tangu siku ile ya uvamizi. Bawaba aliomba ruhusa ya kuuweka mwingine, na ya kuomba radhi ana kwa ana.

Jibu lilichukua wiki tatu. Juzi limekuja kwa simu, na Bawaba anakiri alilia palepale karakanani mbele ya wateja. Wanakwenda Jumamosi.

"Mwalimu amekubali," anasema, akishika tena randa. "Ila niende mchana, na niende na mke wangu. Amesema akimwona mama yupo, ataweza kufungua."