Gauni la Sehemu ya Mwisho

Kwanza niseme wazi: mimi tamthilia sizipendi. Nimekaa miaka kumi na mmoja chumba kimoja na mtu anayezipenda, na hiyo inanitosha. Yeye anashona, mimi natoboa matundu ya vifungo, napiga pindo na pasi. Juu ya vichwa vyetu, kwenye rafu ya nyuzi, runinga yake inawaka kuanzia saa nne asubuhi. Wateja wanamwita Mama Msimu. Ukimwita kwa jina lake la kuzaliwa hageuki.

Jina hilo alilipata kwa tabia moja. Mafundi wengine wanakwambia njoo Alhamisi. Mama Msimu anakwambia, "Suruali yako utaikuta siku daktari anatoka jela." Hujui daktari gani? Shauri yako, kaulize. Na watu walikuwa wanauliza kweli, wanakuja siku hiyohiyo, na nguo wanaikuta imepigwa pasi. Kwenye mtaa wetu wa mafundi, ambako Alhamisi maana yake ni wiki mbili, hiyo ni sifa kubwa.

Maoni nayo anayo, usipime. Pacha akishatokea, anasema, hapo watunzi wameishiwa. Stelingi akipoteza kumbukumbu mara moja anamvumilia. Mara ya pili, bora waifute tamthilia yenyewe, alale kwa amani. Lakini kufuta nako kuna adabu yake. Wapo wanaowapakia wahusika wote kwenye basi moja na basi linatumbukia korongoni, hao wavivu. Wapo wanaoondoa kipindi ili waonyeshe mpira. Hao hawana haya. Wabaya kuliko wote ni wanaokata mtu akiwa ameshika kitasa cha mlango, na nyuma ya mlango kuna nani hutajua mpaka unazikwa. "Hivi mimi naweza kukupa gauni la mkono mmoja nikakwambia nimeghairi?" ananiuliza, kwa ukali, utadhani nimefuta mimi.

Sasa tuje kwa binti. Mama Msimu aliolewa na fundi bomba aliyefiwa na mke, mwenye binti wa miaka kumi na miwili. Binti hakuwa na ugomvi na mtu. Alisalimia, alikula, aliosha vyombo, aliingia chumbani kwake. Alimwita "mama mdogo" kwa heshima zote, na heshima yenyewe ilikuwa baridi. Kitu kimoja tu kiliwakutanisha: tamthilia ya saa kumi jioni. Akitoka shule, na baadaye akitoka kazini kwenye duka la dawa, alipitia pale kwenye chumba chetu cha kushonea, akakaa kwenye kigoda, na hapo ndipo alipocheka, akabisha, akamwambia mama mdogo wake kwamba yule wakili ni mnafiki na atakuja kuona. Kipindi kikiisha, kwaheri, kila mtu kivyake.

Na kulikuwa na jambo lililomuuma Mama Msimu kuliko hilo. Fundi mzima, miaka tisa, hajawahi kumpima binti wa nyumbani kwake. Kila alipotaka nguo, binti alileta ya zamani. "Pima kwa hii, mama mdogo, inanikaa vizuri." Kujaribu alijifungia peke yake nyumbani, nguo ikarudi na maelezo: kiuno kipungue kidogo. Siku moja Mama Msimu akaniambia, huku anahangaika kutia uzi kwenye sindano, "Hataki nimguse." Akakanyaga cherehani kwa nguvu na mazungumzo yakaishia hapo.

Basi, siku binti alipochumbiwa, alikuja akasimama mlangoni na kusema, "Mama mdogo, nataka unishonee gauni kama lile." Lile ni lipi? Lilikuwa kwenye tangazo la harusi ya stelingi wa saa kumi: mwanamke anatokea mlangoni, lesi mpaka shingoni, mikono mirefu. Sekunde saba tu, anaonekana kwa mbele, basi.

Jamani, furaha ya Mama Msimu siku ile! Tangu amjue yule mtoto, ndiyo mara ya kwanza anaombwa kitu na si kwa kulazimika. "Litakuwa tayari siku anaolewa yeye," akasema, "wiki mbili kabla hujaolewa wewe." Akakata upande wa mbele jioni ileile, akashona na mikono. Mgongo akauacha. Angekataje mgongo ambao hajauona? Nikamwambia, wewe mwanamke, huyo ni bibi harusi, si suruali ya daktari. Akaniambia nishike vifungo vyangu.

Jumatatu ya harusi ya stelingi, saa kumi kamili, tukaona watu wanaogelea. Mashindano ya kuogelea! Chini ya runinga maandishi yakapita: tamthilia imesitishwa, tunaomba radhi. Mimi nikacheka, nakiri. Kisha nikamwona Mama Msimu uso na kicheko kikanikauka.

Alipiga simu kituoni mpaka sauti ikakwama. Akaandika barua ya malalamiko nyuma ya karatasi za kukatia mitindo, kila mteja aliyeingia akatia sahihi, hata jamaa aliyekuja kuulizia njia. Kituo kikajibu kwamba waliotengeneza ndio walioacha. Na pale ukutani lilining'inia gauni lenye kifua, mikono na shingo, nyuma hakuna kitu. Zilibaki siku tisa.

"Nikikosea hapa, ndiyo basi," akaniambia. "Hataniomba kitu tena maisha yake yote."

Akakaa akawaza kama mtazamaji, si kama fundi. Yule stelingi alipenda migongo wazi. La sherehe, la mahakamani, hata la msibani, yote yalikuwa wazi nyuma. Kwa hiyo na hili. Akachora kwa chaki, wazi mpaka kiunoni. Lakini mgongo wazi haupimwi kwa nguo ya zamani, ikabidi amwite mwenyewe.

Binti alikuja Jumamosi mchana. Akaiona ile chaki kwenye kitambaa.

"Mama mdogo, ile tamthilia si imefutwa?"

"Imefutwa, mwanangu. Ndiyo nimejitahidi kukisia."

"Kwa hiyo hakuna anayejua mgongo ulikuwaje."

"Hakuna."

"Hata mmoja?"

"Labda waliomshonea yeye."

Binti akakaa kwenye kigoda chake, akashusha pumzi ndefu. Akaanza kucheka, na kabla hajamaliza kucheka machozi yakawa yanamtoka. "Afadhali," akasema. "Nilikuwa naomba waifute."

"Uliomba waifute?" Mama Msimu akaangusha chaki. Angeambiwa binti kaiba benki asingeshtuka vile.

Binti akainuka, akavuta pazia la chumba cha kujaribia. "Njoo, mama mdogo."

Mimi nilibaki nje na pasi yangu, lakini pazia ni pazia tu, nilisikia yote. Maji ya moto, alikuwa na miaka minne, kuanzia mabegani mpaka kiunoni. Mama yake tu ndiye alikuwa anamvisha, na tangu afe hajamwonyesha mtu mgongo ule. "Gauni nililipenda kwa sababu limefunga mpaka shingoni," akasema. "Nikajiambia labda na nyuma limefunga. Halafu nikayakumbuka magauni yake mengine. Kila siku nikiangalia, moyo wangu juu, nasema wasije wakamgeuza."

"Na mimi si ungeniambia tu nifunge?"

"Ungeniuliza kwa nini."

Nikasikia kamasi zinavutwa, sijui ni za nani. Kisha ile sauti ya fundi, inakwaruza lakini ni ileile, "Simama wima. Nyoosha mabega." Na kwangu, kwa ukali, "Wewe huko nje, andika! Mgongo, kumi na tano na nusu!"

Nikaandika. Bega, nikaandika. Kiuno, nikaandika, ingawa karatasi nilikuwa siioni vizuri. Pasi ikaunguza kola ya shati la watu, na hakuna aliyenigombeza.

Gauni lilifungwa kwa lesi nyuma nzima, na vifungo ishirini na viwili vya kitambaa, vyote nimevitengeneza mimi, naomba hilo lijulikane. Asubuhi ya harusi binti alifungiwa kimoja kimoja na mama mdogo wake. Wageni waliokuwa wakiifuata tamthilia walimwuliza Mama Msimu kama ndivyo gauni lilivyokuwa. "Ndivyo," akajibu, bila hata kupepesa.

Miezi miwili ikapita. Nadhani ni zile sahihi, maana kituo kilitangaza kwamba watazamaji wameomba na sehemu moja iliyobaki, iliyokuwa imesharekodiwa, itarushwa. Saa kumi binti akaja kutoka kazini, akakaa kwenye kigoda chake kama zamani, pete kidoleni. Mimi nikazima pasi. Siangalii tamthilia, ila siku hiyo niliangalia.

Stelingi akatokea mlangoni na lesi yake ya shingoni. Akatembea. Akageuka. Mgongo wazi, mpaka kiunoni.

Binti akamtazama mama mdogo wake. Mama Msimu aliukata uzi kwa meno, akaitazama runinga kwa makini, kichwa kimeinama upande kama anavyotazama kazi ya fundi mwingine.

"Wamekosea," akasema. "Ndiyo maana wakafutwa."